Tupeane uzoefu: tuliwasaidiaje watoto wetu wenye hali ya Down (Down syndrome, hali ya kijenetiki ambayo mtoto huzaliwa nayo) kukaa, kutambaa na kutembea?

Mama wa Umoja: Wazazi wenzangu, salaam. Binti yangu ana miezi 13 na ndiyo kwanza ameanza kukaa bila kuegemezwa. Misuli yake ni milegevu na viungo hunyumbuka mno, hivyo tangu uchanga alikuwa akilala ametanua mapaja kama chura, nami sikujua kwamba mkao huo ukizoeleka humtatiza mtoto anapotaka kutambaa na kusimama. Mtaalamu wa tiba ya viungo alinionyesha jinsi ya kuviringisha leso na kuziweka ubavuni mwa mapaja ili yakaribiane. Sasa tumefikia kutambaa. Ninyi mlifanyaje?

Baba wa Kawangware: Hongera, mama. Mwanangu alichukia kulazwa kifudifudi, akilia hadi jirani akabisha hodi. Tuligundua kwamba nikimlaza kifuani pangu, tukitazamana, hujitahidi kuinua kichwa, kwanza kwa sekunde chache, baadaye dakika nzima. Basi tukafanya hivyo kila alipobadilishwa nepi. Nilikuwa pia nimemnunulia kigari cha kujifunzia kutembea, nikashauriwa kukiondoa kwa sababu mtoto hubebwa nacho badala ya kujibeba.

Mama wa South B: Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulinitia moyo: watoto wenye hali hii walioshikiliwa juu ya mashine ya kutembelea (treadmill, yenye mkanda unaozunguka chini ya miguu) kwa dakika 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki, walianza kutembea takribani siku 101 kabla ya wenzao. Mashine sina. Nilichokichukua ni ule udogo wa muda na kutokosa siku, nikamzoeza mwanangu kusimama dede akishikilia kochi, kidogo kidogo, kabla ya uji wa asubuhi.

Bibi wa Pangani: Wanangu, mjukuu wangu alizaliwa na tundu moyoni, na karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro za moyo, kwa hiyo mazoezi yalisubiri idhini ya daktari. Baadaye, kwa ushauri wa mtaalamu, nilichukua kaptura ya mtumba ya Gikomba nikaishona mapaja yakaungana, akatambaa magoti yakiwa chini ya nyonga. Wengi wao hutembea karibu na umri wa miaka 2, wengine baadaye sana. Wapo waliomwita mvivu, na neno hilo liliniuma, kwa maana nilimwona akitokwa jasho kwa kuvuka mkeka tu. Alitembea akiwa na miezi 31, kutoka mlangoni hadi kwangu.