Tupeane uzoefu: mtoto yuko likizo anaijua nchi yake, na simu iko mkononi

Shangazi wa Temeke:
Habari zenu wakuu. Waliowahi kutembea na mtoto, mdogo wao au mpwa ndani ya nchi kipindi cha likizo njooni tupeane uzoefu. Sizungumzii mbugani tu, magofu, makumbusho, hata kijijini kwa babu pia ni kuijua nchi. Na mseme ishu ya simu mliifanyaje, maana mtoto akisafiri siku hizi simu inasafiri naye na matapeli nao wako nyuma yake.

Naanza mimi. Likizo ya mwezi wa sita nilienda Kilwa na mpwa wangu, yuko kidato cha tatu. Basi tulipandia Mbagala mpaka Kilwa Masoko, pale unalipia kibali, unapewa mtu wa kukutembeza, halafu unavuka na boti kwenda Kilwa Kisiwani, sio mbali. Ukishuka tu unakutana na lile boma wanaloliita Gereza, ukiingia ndani zaidi kuna Msikiti Mkuu, nguzo na kuba zote ni mawe ya matumbawe, kisha mnatembea mpaka Husuni Kubwa ambako sultani alijijengea jumba lenye bwawa la pembe nane juu kabisa ya bahari. Ibn Battuta alipita hapo 1331 na akausifia ule mji. Mpwa wangu kilichomshika zaidi ni kuambiwa Kilwa walikuwa wanatengeneza hela zao wenyewe za shaba na dhahabu ya Sofala ilikuwa inapita mikononi mwao, akawa anamuuliza yule mzee maswali mpaka mwenye boti anatuita maji yanakupwa. Darasani Kilwa ni aya mbili tatu, pale kijana alikuwa anashika ukuta.

Sasa sikieni. Asubuhi tukiwa gatini alipiga picha akairusha, amevaa fulana ya shule yenye jina la shule, na mahali ameweka Kilwa Masoko, akaunti iko wazi kwa kila mtu. Jioni bibi yake yuko Tabora anapigiwa simu, "mama pole, mjukuu wako boti imepinduka huku Kilwa, yuko hospitali, tuma hela ya damu haraka kwa namba hii". Jina la mtoto wanalo, shule wanaijua, Kilwa wanaijua. Namba ya bibi wameipata wapi? Kwenye ukurasa huo huo wa mtoto, mwaka jana aliweka tangazo la asali ya bibi yake na namba ya simu chini. Vipande vyote viko hadharani, mtu kavikusanya tu.

Bibi hakupaniki. Alimwambia yule mtu, mjukuu wangu ana jina analoniita mimi, mwambie alitaje. Simu ikakatwa hapo hapo. Ndio akanipigia mimi, na kijana akaongea naye mwenyewe. Ile namba tuliituma 15040 ya kuripoti matapeli, akaunti tukaifunga ibaki kwa anaowajua, na mahali kwenye kamera tukazima. Tangu siku hiyo nyumbani picha za safari zinarushwa tukishaondoka mahali, na kila mtu ana neno lake la kuulizwa akipigiwa simu ya ajali. Haya, nawaachia.

Mwanachuo Dodoma:
Shangazi huyo bibi apewe maua yake 🙌

Mimi likizo nilienda Kolo kule Kondoa kuona michoro ya mapangoni, ile iliyoingia urithi wa dunia 2006. Jamani watu wa Dodoma wengi tunapita barabara ya Arusha kila siku na hatujawahi kukata kona. Unapanda mlima kidogo unakuta watu wembamba warefu wamechorwa kwa rangi nyekundu, wanyama, wengine vichwa vina mitindo ya nywele, na ni kitu cha maelfu ya miaka, mvua na jua vimepita na bado kipo. Aliyetutembeza alisema msimwagie maji mchoro ili ung'ae kwenye picha, kuna watu wanafanya hivyo na ndio wanaiharibu. Hilo naomba mlichukue.

Upande wa simu yangu ni hii. Njiani mdogo wangu alitaka kusajili laini, kijana wa mwavuli akamwambia kidole hakijasoma weka tena, weka tena. Tuliporudi nikamwambia apige *106# aangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yake ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, tukakuta kuna namba hata haijui. Tulienda ofisi ya mtandao wenyewe na kitambulisho wakaiondoa. Kama hujawahi kupiga hiyo *106# piga sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, maana laini hiyo ikitumika kutapeli watu jina linalotafutwa ni lako.

Mama niko Muscat:
Asalaam alaykum. Sisi asili yetu Makunduchi Unguja, wanangu wamezaliwa huku Oman, Kiswahili wanakisikia ila kujibu ndio taabu. Skuli huku zikifungwa joto linapozidi huwa nampeleka mkubwa kwa babu yake, ana miaka 14. Mwezi wa saba akaikuta Mwaka Kogwa, akaona wanaume wanavyopigana kwa vikonyo vya migomba mpaka hasira za mwaka zinaisha na kibanda cha makuti kinavyotiwa moto, akanipigia vidio anapiga kelele kwa Kiswahili mwenyewe, nikalia. Babu yake pia alimtembeza Mji Mkongwe, akampeleka pale kanisani Mkunazini palipokuwa soko la watumwa mpaka 1873. Hakumficha kitu, na mimi sikutaka afichwe, maana Oman na Zanzibar historia ni moja na hiyo nayo imo ndani yake.

Sasa kulikuwa na mtu anacheza naye gemu ya simu, amejitambulisha ni mtoto wa Oman na yeye yuko Unguja mapumzikoni. Siku za mwanzo ni gemu tu. Halafu akaanza kuomba picha, kisha picha bila ya shati, kisha twende tukutane Forodhani baada ya isha uje peke yako usimwambie mtu. Mwanangu alikwenda moja kwa moja kwa babu akamuonyesha. Nilipomuuliza kwa nini hukuogopa, akasema babu siku ya kwanza alinambia kitu chochote cha simu kikikukera nijie, simu yako sikunyang'anyi. Mwanzo mimi wazo langu lilikuwa kumnyima simu likizo nzima, babu ndiye aliyekataa.

Walichofanya, hawakufuta wala hawakumtukana yule mtu. Walipiga picha mazungumzo yote na jina la akaunti, wakazipeleka dawati la jinsia na watoto polisi, ndio baadaye wakamzuia yule mtu kwenye simu ya mtoto. Na kuna namba 116 ya simu kwa mtoto, ni bure, mtoto mwenyewe anaweza kupiga, bara na visiwani. Iandikeni ukutani.

Baba wa wanne:
Mama Muscat umenigusa. Kwangu ilikuwa kunyang'anya tu, kumbe ndio unamfundisha afiche. Swali, wale wadogo wanaotumia simu ya mama je?

Shangazi wa Temeke:
@Baba wa wanne kwa dada yangu wameweka Family Link, programu ya Google ya wazazi, anaona programu anazoingiza mtoto na muda anaotumia. Ila kubwa zaidi PIN ya hela mtoto asiione unavyobonyeza, watoto wanashika namba haraka kuliko tunavyodhani. Na WhatsApp weka ile PIN ya pili, hata mtu akimdanganya mtoto amtajie zile tarakimu sita za kuthibitisha zinazokuja kwa meseji bado haingii.

Ticha wa Ruvuma:
Nafundisha historia huku Songea, niongezee upande ambao hamjaugusa. Likizo huwa nawapa wanafunzi kazi ya kwenda kumsikiliza mzee mmoja wa familia kuhusu vita vya Majimaji, 1905 mpaka 1907, au kuhusu njaa iliyofuata Wajerumani walipochoma mashamba na maghala. Wanaenda pia Makumbusho ya Majimaji hapa mjini, penye kaburi la mashujaa walionyongwa 27 Februari 1906. Wanaorudi na daftari lenye maneno ya bibi zao unawajua tu, wana vitu ambavyo hata mimi sijavisoma popote. Wanaonakili mtandaoni nao unawajua, maana wote wana makosa yaleyale.

Kuna binti alirudi na vidio ya babu yake akihadithia jinsi mababa walivyopewa maji ya dawa, nzuri sana, akairusha TikTok. Yule mzee alikuwa anahadithia mjukuu wake sebuleni. Watu wakaikata sekunde chache, wakaweka muziki, wakamwita mchawi kwenye maoni, na wajukuu wengine wakiitwa majina shuleni. Mzee alipoonyeshwa alinyamaza tu, na mpaka leo akiona simu imeelekezwa kwake anasimama anaondoka. Tumefuta ya kwetu lakini zilizonakiliwa zinazunguka.

Sasa kabla ya likizo nawafundisha kuomba ruhusa mara mbili, ya kurekodi na ya kurusha, hizo ni ruhusa mbili tofauti. Mzee akisema andika tu, unaandika tu. Sheria ya taarifa binafsi ya 2022 ipo, lakini mimi kwa mtoto naanza na heshima ya mzee, anaielewa haraka zaidi.

Mwanachuo Dodoma:
Ticha hii ya ruhusa mbili naichukua. Na wale wanaopanda treni ya SGR jamani msirushe picha ya tiketi ina jina lako na namba zote, nimeona wengi.

Baba wa wanne:
Nimepiga *106#, namba zote ni zangu, alhamdulillah. Desemba nawapeleka Ujiji kwenye makumbusho ya Livingstone halafu tukaogelee Tanganyika. Aliye Kigoma anijuze nauli na gesti ya familia, na simu nitaacha wabebe.