Baa za ziwani zinazojiita "tunapika bia wenyewe": mandhari tumeyaona, bia iko wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye haraka apite tu.

Nimezunguka baa na viwanda vidogo vya bia kwenye kamji kamoja ka pembeni mwa ziwa. Mji siutaji na baa sizitaji, maana shida si ya mtu mmoja. Nenda kamji kengine kokote kenye ziwa na watalii, utayakuta yale yale: jina la ziwa kwenye bango, samaki kachorwa kwenye glasi, matangi ya chuma yanang'aa nyuma ya kioo, na bei imepaa kwa sababu eti bia "imepikwa hapa hapa". Unapiga funda la kwanza, unabaki unajiuliza: imepikwa hapa lini? Na nani? Na alikuwa macho?

Tuelewane jambo moja kabla hamjaanza kunirushia mawe. Kiwanda kikubwa kinamshinda mdogo karibu kila kitu: mitambo, maabara, bei, na uwezo wa kutoa ladha ile ile mwaka mzima. Mdogo ana karata mbili tu mkononi. Bia yake haijasafiri, na aliyeipika yupo, unaweza kumwita ukamuuliza. Mkizitupa hizo mbili mnabaki baa kama baa nyingine, ila yenye mapambo ya chuma.

Sasa niliuliza. Swali langu lilikuwa dogo sana: "Hii imepikwa lini?" Mhudumu akanitazama kana kwamba nimemwomba namba ya siri ya benki. Akamwita mwenzake, mwenzake akasema "ni fresh, bro". Fresh ya lini? Bia yenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), hizi ndizo mnazotuuzia kwa mbwembwe kuliko zote, harufu yake huanza kufifia ndani ya wiki chache, na ikikaa kwenye joto hufifia upesi zaidi. Tarehe ndiyo habari muhimu kuliko zote kuhusu glasi hiyo. Ubaoni mmeandika asilimia ya kilevi, mmeandika kiwango cha uchungu, mmeandika na shairi kuhusu machweo. Tarehe hakuna.

Sehemu nyingine nikauliza kuhusu matangi, maana yalikuwa masafi mno, hata tone la maji chini hamna. Jibu: kwa sasa bia inapikwa kwenye kiwanda kingine, mji mwingine, halafu inaletwa kwa lori. Sina ugomvi na mtu kupikiwa bia na kiwanda cha mwenzake, ni biashara halali na wapo wanaoifanya vizuri. Lakini liondoe basi lile bango la "hapa hapa"! Taa zimeyamulika matangi matupu, wateja wanapigana picha nayo, na mwenye baa anatabasamu.

Na mtu asinijie na "viwanda vidogo vina changamoto zake". Neno "kidogo" lenyewe limeshavutwa likavutika. Marekani, Brewers Association, chama cha wapika bia wadogo, inahesabu kiwanda kuwa kidogo mpaka mapipa milioni 6 kwa mwaka. Pipa lao ni kama lita 117, piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya lita milioni 700. Ila hata hao, baa ya kupika bia wanaitambua kwa kipimo kinachoeleweka: ina jiko la chakula la maana, na walau asilimia 25 ya bia yake inauzwa pale pale. Bia YAKE, wakuu.

Tuje kwenye hili la maji, ndilo lililonichefua kuliko yote.

Karibu kila baa niliyoingia kuna mtu ananihubiria kwamba siri ya bia yao ni maji ya ziwa. Ni kweli bia ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na ni kweli maji yamejenga majina ya miji. Plzeň kule Cheki ilipata bia yake nyepesi ya dhahabu mwaka 1842, na maji yake laini, yasiyo na madini mengi, yalichangia sana. Burton upon Trent kule Uingereza maji yake yamejaa madini ya salfeti, ndiyo maana uchungu wa hopsi ulitoka mkali na mkavu. Ila leo mpishi yeyote anayejua kazi yake anaondoa madini asiyoyataka na kuongeza anayoyataka, popote alipo. Kwa hiyo ziwa halina muujiza. Na maji hayo mnayoyasifia hamkuyachota kwa ndoo, yametoka kwenye bomba la mji, yametiwa dawa ya kuua vijidudu, klorini au kloramini, kama maji ya miji mingi. Usipoiondoa, kwa chujio la mkaa au kwa dawa yake, inakutana na kemikali nyingine humo ndani ya bia na kuleta ladha ya plasta ya kidonda na dawa ya hospitali, na ulimi wa mtu unaigundua hata ikiwa chembe chache kwa bilioni. Nilipewa bia ya namna hiyo huku muuzaji akiendelea kunisimulia usafi wa ziwa. Nilitamani kumwambia anywe yeye kwanza.

Halafu siagi. Ukipata bia nyepesi inayonukia siagi au bisi za sinema, hiyo ni diasetili. Hamira huitoa yenyewe wakati bia inachacha, halafu huila tena ikipewa muda na joto kidogo mwishoni. Maana yake mpishi aliyeihamisha bia mapema mno ameuza kazi ambayo haijaisha. Laga inataka wiki kadhaa za kulala kwenye baridi, sasa hawa tangi ni chache, wateja wa msimu wamejaa, kila siku ya tangi ni hela, basi bia inatolewa mbichi. Chanzo cha pili ni kibaya zaidi: mirija michafu. Bakteria wanajijengea utando ndani ya mrija unaotoka kwenye pipa kwenda kwenye koki, na wao pia wanatoa siagi hiyo hiyo, au uchachu usiotakiwa. Mwongozo wa Brewers Association uko wazi, mirija isafishwe kwa dawa kila baada ya wiki mbili. Baa moja nilimuuliza kijana wa kaunta wanasafisha lini, akaniambia "ikianza kunuka". Alikuwa anasema kweli, kwa sababu ilikuwa imeanza.

Vibao vya kuonjea sitavisema sana. Glasi ndogo nne au tano zinapangwa kwenye ubao, na zote ni IPA (bia za hopsi nyingi) za ukungu zenye ladha ya juisi, tofauti ni jina la samaki. Pembeni unawekewa stauti moja iliyopozwa hadi karibu na kuganda, kwenye glasi iliyotoka kwenye friza, wakati bia nyeusi inataka nyuzi 10 hivi ndipo ikuonyeshe kahawa na chokoleti uliyolipia.

Ila baraza la ziwani lazima niliseme, kwa sababu ndilo linalowaletea wateja. Mnatuketisha kwenye jua kali tukitazama maji, bia ya hopsi kwenye glasi nyeupe, hakuna mwavuli. Mwanga wa jua ukigusa viambata vya hopsi ndani ya bia unavivunja, na mabaki yake hutoa harufu ya kicheche. Si baada ya siku, ni dakika tu, glasi haijafika nusu. Ndiyo sababu chupa nyingi za bia ni za kahawia. Mpishi anayejua hili na bado haweki kivuli anaharibu kazi yake mwenyewe mbele ya macho ya wateja. Asiyelijua, sasa anapika nini?

Mtaniuliza kwa nini napandwa na mori kwa ajili ya bia. Kwa sababu kuna watu walihangaika ili vitu hivi viwepo. Marekani ilikuwa kosa kisheria kupika bia nyumbani mpaka Rais Carter aliposaini sheria ya kuruhusu mwaka 1978. Jack McAuliffe alijenga kiwanda kidogo cha bia, New Albion, kule Sonoma, California, mwaka 1976 kwa vifaa vya kuokoteza na kuungaunga, na 1982 kikafa. Greg Noonan alitaka kufungua baa ya kupika bia Burlington, Vermont, mji mdogo pembeni mwa Ziwa Champlain, akakuta sheria ya jimbo hairuhusu. Akawaandama wabunge mpaka ikabadilishwa, akafungua 1988. Huyo ni mtu wa mji mdogo wa ziwani, kama nyie! Hakwenda bungeni ili miaka hii mtu aweke matangi ya maonyesho na kuleta bia kwa lori.

Sasa najua majibu yanayokuja. "Kama hutaki usinywe." Mkuu, nimeshalipa. "Wateja wengi hawajui tofauti." Hilo ndilo linaloniuma, maana wanaonja siagi na plasta, wanadhani ndiyo ladha ya bia ya kupikwa kwa mkono, wanarudi kwenye ya kiwandani na hawarudi tena. Mwenzako wa mtaa wa pili anayepika kwa uangalifu anawapoteza kwa dhambi yako. Yupo huyo, nilimkuta mmoja kwenye mji ule ule: kibanda kimejificha mbali na maji, hana baraza wala samaki ukutani, koki chache, na kila moja ina kikaratasi cha tarehe kilichoandikwa kwa kalamu. Nilipomuuliza kuhusu mirija alinionyesha daftari la usafi. Palikuwa hamna watu.

Wamiliki mliomo humu jukwaani, na najua mmo, ninachodai ni vitu vitatu na havihitaji mkopo: tarehe kwenye ubao, jina la mahali bia ilipopikiwa, na siku mirija iliposafishwa mara ya mwisho. Mkiviweka nitakuja kunywa na nitakaa hata juani.

Wengine wekeni hapa mliyokutana nayo. Tafadhali msitaje majina ya baa, mods watafunga uzi.