Wakikwama kuchora mipaka, aadhibiwe nani? Tujadili Illinois ya 1964

Mleta mada:
Wakuu, kila ukifika msimu wa kugawa majimbo hakosekani wa kusema, "Wekeni adhabu kali, wanasiasa watakubaliana wenyewe." Mimi napinga, na shahidi wangu ni Illinois, Marekani, mwaka 1964. (Illinois nitaiita jimbo, vipande vyake vya uchaguzi nitaviita wilaya, tusije tukagombana bure.)

Mipaka ya wilaya za bunge lao ilichorwa 1901, kisha haikuguswa hadi 1955. Wabunge wa mashambani walijua wakiigusa tu, viti vinahamia Chicago. Ndipo marekebisho ya katiba ya 1954 yakaja na kitisho: bunge likishindwa kuchora, iundwe tume, tume nayo ikikwama, Baraza lote la Wawakilishi (chumba cha chini cha bunge hilo la Illinois) lichaguliwe na jimbo zima, wilaya zisiwepo. Waliotunga waliamini hakuna mwendawazimu wa kuacha mambo yafike huko.

Yalifika. Mwaka 1963 bunge lilipitisha ramani, Gavana Otto Kerner akaikataa. Tume ya watu kumi, watano kwa watano, ikakaa ikaondoka mikono mitupu. Novemba 1964 mpiga kura akakabidhiwa karatasi ya rangi ya chungwa yenye urefu wa kama sentimita 84. Chukua kanga, pima upana wake, toa shubiri moja: ndiyo hiyo. Watu wakaiita shuka. Ndani yake majina 236.

Kwa nini 236 wakati viti ni 177? Kwa sababu ilipangwa kila chama kisimamishe wagombea 118 tu. Yaani kabla kura haijapigwa walishagawana: mshindi theluthi mbili, mshindwa theluthi moja. Mwananchi akabakiziwa kusema nani achukue fungu lipi. Na wewe ukiwa kibandani, foleni nyuma yako, utasoma majina 236? Unatia alama moja ya chama unakwenda zako. Kule juu, kwenye urais, Mdemokrati Lyndon Johnson alikuwa anamgaragaza Mrepublikani Barry Goldwater, basi Wademokrati 118 wakapita wote, hata mmoja hakuanguka. Kuhesabu kulichukua wiki kadhaa.

Sasa mfikirie mtu wa Cairo, ncha ya kusini ya Illinois, karibu kilomita 600 kutoka Chicago. (Wenyeji hulitamka jina hilo karibu na "Kero", na kero walikuwa nayo kweli mwaka ule.) Daraja likibomoka anamwendea nani? Wabunge 177 wote ni wake, kwa hiyo hana hata mmoja.

Mchangiaji 1:
Umesimulia nusu, mkuu. Shuka lilivilazimisha vyama kutafuta watu wenye majina. Wademokrati wakamweka juu Adlai Stevenson III, mtoto wa gavana wa zamani, Warepublikani wakamleta Earl Eisenhower, mdogo wake rais mstaafu. Na ni uchaguzi huohuo uliomwingiza Harold Washington bungeni kwa mara ya kwanza, yule aliyekuja kuwa meya wa kwanza mweusi wa Chicago mwaka 1983. Wilaya zako zingetupa nini zaidi ya hapo?

Mleta mada:
Washington hakuokotwa na shuka. Alikuwa mtu wa chama kitambo, chama ndicho kilichomtia kwenye orodha, na wilaya ziliporudi aliendelea kushinda. Eisenhower naye, tuambizane ukweli, alipigiwa kura kwa jina la kaka yake.

Mchangiaji 2:
Nyinyi mna bahati mnabishania shuka. Huku Kenya katiba ya 2010 inataka mipaka ya maeneo bunge ipitiwe kila baada ya miaka minane hadi kumi na miwili. Mara ya mwisho ilikuwa 2012. Machi 2024 muda ukaisha na tume ya uchaguzi na mipaka haina kamishna hata mmoja. Kuna mbunge aliyekosa usingizi? Sasa wewe unayepinga adhabu, niambie, kimya hiki ndicho bora?

Mleta mada:
Hapo umenibana. La, kimya ni kibaya kuliko shuka. Nisahihishe kauli yangu: sipingi adhabu, napinga adhabu inayomwangukia mpiga kura huku aliyekosa akitoka na kiti.

Tazama walichofanya baadaye. Katiba yao mpya ya 1970 ilifuta shuka, ikaweka tume ya watu wanane. Wakikwama, mtu wa tisa apatikane kwa kuchomoa jina, chama chake ndicho kitachora. Hicho nacho kilikuwa kitisho. Wakakwama 1981, wakakwama 1991, wakakwama 2001, na mara hiyo ya mwisho jina lilichomolewa kwenye kofia iliyoigizwa ya Abraham Lincoln. Ukishinda unachora ramani ya miaka kumi upendavyo. Nani aache kamari ya nusu kwa nusu ili akubali kugawana na mpinzani wake?

Mimi ningesema hivi: wakikwama, kalamu iende mahakamani na wao wasiiguse tena mpaka sensa nyingine.

Mchangiaji 1:
Mahakama ipi, mkuu? Majaji wa Mahakama ya Juu ya Illinois wenyewe hugombea kwa tiketi za vyama, na huchaguliwa kwa wilaya. Unajua wilaya hizo za majaji zilichorwa upya na nani mwaka 2021? Bunge.