Bia ya boga mia tisa hamsini, boga lenyewe liko wapi???

Wadau mie nina hasira mpaka saa hii. Ijumaa usiku tulikuwa baa moja ya Nyali, jina silitaji, weita akaja na stori zake eti kuna bia ya boga imetoka Marekani, ina viungo, kali kidogo, "hii boss huipati kwengine". Sasa mie boga nalijua, kila Ramadhani jirani yetu hapa Kisauni hutuletea boga la nazi lenye iliki, nkasema haya lete tuone.

Ikaja chupa ndogo ya mililita 330 imeganda kama barafu, funda la kwanza sikusikia kitu, ubaridi tu. Nkaiacha dakika kumi hivi ndo ikaanza kusema: mdalasini, karafuu, kungumanga, tangawizi kwa mbali, yaani pilau bila mchele. Boga? Hamna. Na nyuma yake ladha ya katoni iliyoloa maji, ile bia huwa nayo ikikaa sana kwenye joto, na joto letu la Mombasa mwalijua. Kugeuza chupa hivi, tarehe imepita miezi saba!! Bia hizi kwao hunywewa sana msimu wa mavuno ya maboga, Oktoba huko na Halloween yao, sisi tuko Juni twauziwa makombo ya sikukuu ya watu.

Hilo la boga kutosikika sigombi sana, nyingi za siku hizi wazifuatisha viungo vya pai ya boga, ni walowezi wa zamani huko ndo walitia boga lenyewe kwa sababu kimea kilikuwa haba. Sawa. Lakini "kali kidogo"?? Karatasi yasema asilimia 9! Tusker ni 4.2, piga hesabu mwenyewe. Mshkaji wangu alikuja na pikipiki, kapiga mbili akidhani ni bia ya kawaida, kusimama miguu yamkataa, ikabidi pikipiki ilale kwa mlinzi tukatafuta tuktuk.

Nkamwita meneja nkamwonyesha tarehe, ati bia kali haziharibiki, zakomaa kama waini. Weee! Zipo zinazokomaa ndio, tena ziwekwe gizani pahali pa baridi, si kwenye rafu chini ya taa siku nzima, na harufu ya viungo ndo ya mwanzo kufifia. Akanitazama tu. Chupa tatu, elfu mbili mia nane hamsini, hakutoa hata bob, na sevisi chaji juu.

Picha ya tarehe ninayo, risiti ninayo, kesho narudi pale na chupa moja nliyoondoka nayo. Mamangu kaiona asubuhi hapa mezani, kainusa, akaniuliza jana usiku mlikula pilau ya nani.