Kodi ya mafuta ipande ili tupande daladala? Daladala zipi?

Wakuu, kila bajeti ikikaribia wanaibuka hawa wataalamu wa foleni: bebesheni wenye magari kodi, wataacha Passo zao nyumbani wapande usafiri wa umma. Nimechoka na hii hoja. Anayeitoa hajawahi kusimama kituoni Mbagala Rangi Tatu, hapa Dar, saa kumi na mbili asubuhi.

Hebu tuangalie kodi yenyewe inakaa wapi. 2017 serikali ilifuta ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, ile ya stika kwenye kioo. Tukashangilia. Kumbe imehamia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita, mpaka mafuta ya taa ya bibi kijijini ambaye hata baiskeli hana. 2021 ikaongezwa 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. 2023, 100 nyingine ya miradi ya kimkakati. Sasa daladala linatembelea maji? Linajaza pampu ileile ninayojazia IST yangu. Mafuta yakipanda, wamiliki wanakimbilia LATRA, mamlaka inayopanga nauli, na Desemba 2023 nauli ya chini ya daladala Dar ikatoka 500 hadi 600. Mimi wa IST nanuna, mwenye kubanwa mlangoni ndiye analipia. Halafu mnaniambia kodi hiyo inamvutia mtu kwenye daladala!

Na akivutwa, anapanda nini? Jioni Kariakoo ukitaka siti lazima ugeuze: unalidaka gari likiwa bado linakuja, unakwenda nalo mwisho wa ruti, unarudi nalo, umelipa nauli mara mbili kwa safari moja. Asiyegeuza anapitia dirishani au anasimama shingo upande huku konda anapiga kelele "sogea nyuma, mbona kuna nafasi!" Mnafika nusu ya njia, gari linakatisha ruti, mnashushwa wote, na nauli harudishi. Mama mwenye mtoto mgongoni aende wapi? Bajaji, kama anayo hela.

Msinitajie London. Kule walipoanza kutoza magari yanayoingia katikati ya mji, Februari 2003, waliingiza barabarani mabasi ya ziada kama 300 siku hiyohiyo. Na sheria inataka pesa ile irudi kwenye usafiri. Sisi tunaanza na kukamua, mabasi tunaahidiwa.

Magari chakavu yana ushuru wake wa ziada bandarini miaka yote. Foleni ya Morogoro Road imepungua? Watu wanakopa, wanauza viwanja, wanaagiza Vitz ya zamani, kwa sababu kituoni wanadhalilika. Ningekuwa na uhakika wa basi linalokuja kwa saa inayoeleweka, hii IST ningeipaki kesho, bila nyie kunipandishia hata senti.

Wale mnaounga mkono, karibuni. Ila kabla hujaandika, taja ruti unayopanda wewe.