Mjadala: Je, maboma mapya yasimame mpaka madarasa ya zamani yawe salama?

Mwalimu Kiwira (mwanzisha mada)

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Nina hoja ambayo huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania inagawa vikao vya kamati za shule karibu kila kata.

Utaratibu tunaujua. Wananchi wanachangia matofali, mchanga, mawe na nguvu zao, wanapandisha boma la darasa, yaani kuta bila paa, mpaka lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kisha wanasubiri halmashauri ilete bati na mbao. Hatua chache kutoka hapo kuna madarasa ya enzi za UPE (elimu ya msingi kwa wote), yaliyojengwa baada ya Azimio la Musoma la 1974: matofali ya kuchoma, udongo katikati ya matofali, lenta hakuna au ni ya mbao. Ndani yake watoto wanasoma leo.

Hoja yangu: kijiji kisianzishe boma jipya mpaka madarasa yanayotumika yakaguliwe na yatengenezwe. Tuanze na hesabu. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Shule ya watoto 600 inapokea 3,600,000 kwa mwaka, sawa na 300,000 kwa mwezi, ikifika yote. Humo kuna chaki, mitihani, michezo, utawala na ukarabati. Kwa hiyo mchango wa wananchi ndiyo fedha pekee ya maana, na yote inaishia kwenye kuta zisizo na paa.

Mtendaji Usangu

Mwalimu, nakuheshimu, lakini napinga. Kiwango ni wanafunzi 45 kwa darasa la msingi. Ukiwa na 120 kwenye chumba kimoja chenye mlango mmoja, hiyo nayo ni hatari, tena ya kila siku. Likitokea la kutokea hawatoki.

Halafu kuna suala la watu wenyewe. Mzazi anatoa tofali kwa sababu analiona likipanda. Mwambie achangie gata (mfereji wa maji ya paa) au waya wa kufungia kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), hatatoa, na huwezi kumlazimisha: tangu elimu bila malipo ya 2016 mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Ukizuia boma huhamishi ile nguvu kwenda kwenye ukarabati. Unaipoteza.

Fundi Mafinga

Mtendaji, boma unalolitetea linaoza likisubiri. Likiachwa wazi misimu miwili ya mvua kuanzia Novemba, maji yanaingilia kozi (mstari wa matofali) ya juu, yanasomba udongo wa kati, na nondo zilizoachwa zimesimama zinakula kutu mpaka ndani ya zege. Bati zikija, fundi anabomoa kozi tatu au nne kabla ya kupandisha kenchi. Kama lazima lisubiri, pigeni juu ya ukuta kofia ya saruji na mchanga unene wa sentimita 3 ikilalia nje, na nondo zipakwe uji mzito wa saruji. Mfuko mmoja wa saruji unatosha darasa moja.

Sasa madarasa ya zamani. Kinachong'oa mapaa huku si upepo wa juu peke yake. Upepo unaingia kwa dirisha lililovunjika upande unakotoka, unakosa pa kutokea, unasukuma bati kutoka chini huku ule wa juu ukinyonya. Ndiyo maana dirisha bovu ni tatizo la paa. Kenchi nyingi za zamani zimewekwa tu juu ya ukuta na kugongwa msumari wa inchi 4 kwenye mbao ya ukutani. Zinashikiliwa na uzito wao.

Dawa yake ni kazi ya siku mbili. Darasa la mita 9 lina kenchi kama nane, yaani miguu 16. Toboa ukuta chini ya lenta kwa patasi, pitisha waya wa mabati wa geji 8, uzungushe juu ya mbao ya chini ya kenchi, urudishe, kisha ukaze kwa kuusokota na kipande cha nondo mpaka ulie ukiugonga. Kila mguu unakula kama mita 2.5, kwa hiyo waya mita 40. Kama hakuna lenta, usitoboe kozi ya juu kabisa, itang'oka pamoja na kenchi. Shuka sentimita 80, na upande wa nje weka kipande cha nondo cha sentimita 20 kikilala ukutani ili waya usikate tofali.

Bati nazo: msumari upigwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni, na mpira wake uwepo. Geji 28 ni nene kuliko 30, wapo wanaodhani kinyume wakauziwa nyepesi kwa bei ya nzito. Mbao za msonobari za Sao Hill ni nzuri zikitiwa dawa kiwandani. Oili chafu inapakwa juu tu, mchwa anaingilia mwishoni mwa mbao ndani ya ukuta. Chomeka bisibisi pale mbao inapolalia ukuta. Ikizama bila nguvu, hiyo kenchi imekufa hata kama katikati inang'aa.

Mhandisi Uyole

Fundi yuko sahihi kwenye paa. Mimi sikubaliani na Mwalimu kwa sababu nyingine: si kila darasa la zamani linastahili kukarabatiwa. Mengine ni ya kubomoa, na kuyapiga lipu ni kuficha hatari.

Nyufa zisomwe kabla hazijazibwa. Chukua kipande chembamba cha kioo, urefu wa kidole, kibandike kukatiza ufa kwa saruji kwenye ncha zote mbili, andika tarehe ukutani kwa penseli. Kioo kikipasuka ufa unaendelea, na kuuziba hakusaidii chochote. Kikibaki kizima msimu mzima wa mvua, jengo limetulia. Ufa unaopitisha penseli, au unaopanuka kadiri unavyopanda juu, au ulio kwenye kona pande zote mbili: toa watoto siku hiyohiyo na mwite mhandisi wa halmashauri. Vilevile teremsha timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima. Ukuta wa mita 3 ukiacha wima kwa sentimita 2.5 na zaidi, chumba kifungwe. Tusisahau tuko juu ya Bonde la Ufa. Tetemeko la Rukwa la 1910 lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa kupimwa Afrika, na ukuta wa udongo usio na lenta hauna kinachoshika kona zake.

Kwa majengo yanayostahili, adui ni maji ya chini. Paa la mita 9 kwa 8 likipokea mvua ya milimita 50 linamwaga lita 3,600 kwenye mguu wa ukuta. Rungwe mvua za namna hiyo si habari. Matone yanaporuka yanachimba nusu mita ya chini mpaka tofali linabaki limening'inia. Weka gata yenye mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 2, au kama fedha hakuna, mwaga zege kuzunguka jengo upana wa sentimita 80 ikilalia nje sentimita 4, na mfereji mbele yake. Hii ya pili haiibiwi.

Na tafadhali, lipu ya saruji tupu kwenye ukuta wa udongo inabanduka vipande vizima. Ni ngumu kuliko ukuta, haichezi nao, na inafungia unyevu ndani. Changanya saruji ndoo 1, chokaa 1, mchanga 6. Chokaa ya Songwe iko hapo jirani.

Mama Kamati Makambako

Ndugu zangu, mnazungumza madarasa tu. Mtoto hulala bwenini na huingia chooni.

Idodi, Iringa, Agosti 2009: wasichana 12 walikufa bweni lilipoungua, na chanzo kilichotajwa ni mshumaa. Mpaka leo nauliza kila kikao maswali yaleyale. Bweni lina milango miwili, kila mmoja upande wake? Inafunguka kwa nje? Usiku inafungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa nani? Nondo za madirisha, angalau chache zina bawaba na komeo la ndani? Kama jibu la mojawapo ni hapana, hakuna boma wala rangi ya ukuta inayotangulia mbele yake. Kutoboa mlango wa pili ni kazi ya wiki moja.

Umeme ndani ya bweni vilevile. Taa ziwe kwenye nyaya za milimita za mraba 1.5 na bureka (swichi inayojikata umeme ukizidi) ya ampea 10. Bureka ikianguka kila siku, watu wanaweka ya 32 ili "isisumbue", na hapo waya ndiyo unaoanza kuungua juu ya dari ambako hakuna anayeona. Mtungi wa poda wa kuzimia moto utazamwe kila mwezi: mshale uwe kwenye kijani, na upinduliwe juu chini kwa sababu poda inaganda. Zimamoto wanapatikana kwa 114, lakini vijiji vyetu viko mbali nao, kwa hiyo mazoezi ya kutoka usiku na kuhesabiana majina yafanyike kila muhula.

Vyoo ni tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Wengi wanahesabu matundu bila kutazama shimo.

Fundi Mafinga

Mama, naongezea hapo kwenye shimo. Udongo wa Tukuyu na Busokelo ni wa majivu ya volkano, mwepesi, unameguka ukilowa. Kujengea mita moja ya juu tu kunatosha kwenye udongo mgumu, kule hakutoshi. Jengea mpaka chini, na kozi za chini uache nafasi zisizo na saruji ili maji yapenye. Gonga sakafu ya choo kwa nyundo kila muhula. Ikilia kama debe tupu pembeni, pale ambapo inatakiwa kulalia ardhi, udongo umeshaondoka chini yake. Funga.

Mwalimu Kiwira

Mhandisi na Mama Kamati wamenirekebisha, nakubali. Nilisema "madarasa yote kwanza", nabadilisha. Ukaguzi ufanyike Septemba, shule ikiwa na muda kabla ya mvua, na majengo yagawanywe: la kufungwa, la kutengenezwa, la kuendelea. Mlango wa pili wa bweni, choo chenye sakafu iliyo tupu chini na kenchi zisizofungwa visisubiri chochote. Boma jipya liruhusiwe pale tu linapochukua nafasi ya darasa lililofungwa.

Mtendaji Usangu

Hilo la boma badala ya darasa lililofungwa naweza kulipeleka mkutano wa kijiji likapita. Bado sikubali kuzuia boma pale ambapo majengo ni mazima ila watoto wamejaa. Na fedha ya waya hujanijibu, Mwalimu.

Mwalimu Kiwira

Nakujibu. Usiitishe mchango wa waya. Iwekwe ndani ya makadirio ya boma: orodha ya vifaa vya darasa jipya iandikwe pamoja na waya mita 40 na mifuko 6 ya saruji ya jengo la jirani, vinunuliwe siku moja, vipokelewe na kamati ileile ya mapokezi, na fundi asilipwe awamu ya lenta mpaka kenchi za jirani zimefungwa. Mzazi anaona tofali lake likipanda kama ulivyosema.

Mhandisi Uyole

Mifuko 6 ni michache kwa zege ya kuzunguka darasa. Upana wa sentimita 80, unene wa 7.5, mzunguko wa mita 34 pamoja na kona: ni mita za ujazo 2 hivi. Kwa mchanganyiko wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto) andika mifuko 9, na mawe yawe yamepondwa kabla fundi hajafika.