Replika imekufa, pg_wal inajaza diski ya seva kuu. Nifanye nini?

Mtunza_Data
Wakuu, salaam. Naomba msaada, na ni wa haraka.

Nina seva mbili za hifadhidata ya PostgreSQL 15. Moja ni kuu, inapokea kila kinachoandikwa. Ya pili ni replika, yaani nakala inayoifuata ile kuu, tunaisomea ripoti. Replika iliungua wiki iliyopita na bado haijarudi. Tangu hapo folda ya pg_wal kwenye seva kuu, inayotunza WAL (kumbukumbu ya kila badiliko la data), inavimba tu. Diski ni ya GB 200, leo nimekuta imefika asilimia 91, na pg_wal peke yake imekula GB 118. max_wal_size, mpangilio wa ukubwa wa WAL, nimeiweka GB 4, kwa hiyo sielewi imevukaje.

Nina maswali matatu. Naweza kufuta faili za zamani humo ndani? Mwenzangu kazini anasema tuhamie MySQL kwa kuwa haina tatizo hili, ni kweli? Tena bosi anataka replika ikirudi, iwe inashika usukani yenyewe seva kuu ikianguka. Inawezekana kwa seva mbili?

Kijana_wa_Rafu
Pole mkuu. Panga faili kwa tarehe, futa za nyuma kabisa, bakisha kama mia za mwisho. Diski itapumua.

Nahodha_Hifadhidata
Mtunza_Data, usifute hata faili moja kwa mkono! Kijana_wa_Rafu, najua unataka kusaidia, lakini ushauri huo unaua hifadhidata. Tarehe ya faili haikuambii kama bado inahitajika: PostgreSQL huzitumia tena faili za zamani kwa kuzipa jina jipya. Ukifuta inayohitajika kisha seva ikazimika ghafla, haitaweza kujirudisha kuanzia checkpoint ya mwisho (pale mabadiliko yote yalipoandikwa kwenye faili za data), na hapo umepoteza data ya watu.

max_wal_size si ukuta, ni lengo tu. Kinachoshikilia faili hizo karibu hakika ni sloti ya replika. Ukiunda sloti umeiambia seva kuu: usitupe chochote ambacho replika hii haijapokea. Replika ikifa, ahadi inabaki. Thibitisha hivi:

`SELECT slot_name, active, wal_status, xmin, pg_size_pretty(pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), restart_lsn)) FROM pg_replication_slots;`

Tuletee majibu. Angalia pia pg_stat_archiver. Kama unahifadhi WAL kwa archive_command na failed_count inapanda, hiyo nayo inazuia faili zisiondoke, na kufuta sloti hakutasaidia.

Mtunza_Data
Nimeendesha. Sloti ni moja tu, active ni f, wal_status ni extended, na ukubwa unaokuja ni GB 117. Kwenye xmin kuna namba. Archive sijawasha.

Nahodha_Hifadhidata
Basi mchawi tumempata. Ifute kwa njia halali, kisha lazimisha checkpoint:

`SELECT pg_drop_replication_slot('jina_la_sloti');`
`CHECKPOINT;`

Faili zitaondoka zenyewe. Gharama yake ni kwamba replika ya zamani haitaweza kuendelea pale ilipoachia, itabidi uijenge upya kwa pg_basebackup, zana ya kunakili seva nzima. Kwa hali yako hiyo ni bei ndogo, maana pg_wal ikikosa nafasi kabisa seva kuu inajizima kwa PANIC, na haitawaka mpaka uipatie nafasi.

Ile namba ya xmin nayo usiipuuze. Inaonyesha hot_standby_feedback (replika kuiomba seva kuu isiondoe safu ambazo bado inazihitaji) ilikuwa imewashwa kwenye replika. Maana yake ni kwamba tangu ilipokufa, vacuum, yaani usafishaji, kwenye seva kuu imeshindwa kuondoa safu mfu (zilizofutwa au kubadilishwa) zilizozaliwa baada ya hapo, kwa hiyo majedwali yanayobadilishwa sana yamenenepa. Ukimaliza, endesha VACUUM kwenye hayo makubwa.

Mtunza_Data
Nimefuta sloti. pg_wal imeshuka mpaka GB 3 na ushei, diski iko asilimia 34. Vacuum inaendelea sasa hivi. Mungu akubariki mkuu, maji yalikuwa yamefika shingoni.

Binti_Seva
Hongera. Kabla hujaunda sloti nyingine, weka kikomo. Tangu toleo la 13 kuna max_slot_wal_keep_size, lakini chaguo-msingi ni -1, yaani hakuna mwisho. Kwa diski yako ningeweka GB 60, na inatosha kupakia upya usanidi bila kuzima seva. Replika ikichelewa kupita hapo, sloti inageuka lost na utaijenga upya, lakini seva kuu inabaki hai. Kwangu mimi huo ndio mpangilio sahihi wa vipaumbele. Na weka kengele: sloti ikiwa active = f kwa zaidi ya dakika kumi, mtu aamshwe.

Kuhusu MySQL, mwenzako ana nusu ya ukweli. Toleo la 8.0 hutupa binlog (kumbukumbu yake ya mabadiliko, ambayo replika huisoma) kwa muda, chaguo-msingi ni sekunde 2592000, yaani siku 30, iwe replika imesoma au haijasoma. Replika ikirudi baada ya hapo inakutana na kosa 1236 (binlog inayoihitaji haipo tena), nayo utaijenga upya vilevile. Na kama maandishi ni mengi, siku 30 za binlog zinajaza diski bila msaada wa sloti yoyote. Usihamishe mfumo mzima kwa sababu hii.

Suala la bosi: mashine mbili peke yake, hapana. Mtandao kati yao ukikatika, replika haina namna ya kujua kama mwenzake amekufa au hawasikilizani tu. Ikijipandisha, unakuwa na seva kuu mbili, kila moja inapokea miamala yake, na kuziunganisha baadaye ni kazi ya mikono, safu kwa safu. Patroni, programu ya kusimamia seva za PostgreSQL, inalitatua hili kwa kutumia etcd, hifadhi ndogo inayoendeshwa kwenye mashine (nodi) kadhaa, ambapo uamuzi unahitaji wengi. Kwa hiyo unahitaji angalau nodi tatu za etcd. Ya tatu inaweza kuwa mashine ndogo isiyobeba data. Mkikosa hiyo ya tatu, pandisheni replika kwa mkono kwa pg_promote(), baada ya mtu kuhakikisha ile ya kwanza imezimwa kweli.

Kijana_wa_Rafu
Nimejifunza, asanteni. Swali la nyongeza: kwa kuwa replika ina kila kitu, bakapu za usiku bado zina kazi?

Binti_Seva
Zina kazi kubwa. Mtu akiendesha DROP TABLE kwenye seva kuu, replika inatii amri hiyo papo hapo. Bakapu iwe mahali pengine, na ijaribiwe kwa kurejeshwa.

Mzee_wa_Faharasa
Mtunza_Data, replika mpya inakuja na mfumo endeshi gani? Nauliza kwa sababu urudufishaji wa aina hii hunakili faharasa (index) jinsi zilivyo, lakini mpangilio wa maneno unatoka kwenye glibc, maktaba ya msingi ya Linux, ya mashine husika. Toleo la 2.28 la mwaka 2018 lilibadilisha mpangilio huo kwa kiasi kikubwa. Matoleo yakitofautiana, ripoti inaweza kutafuta jina lililopo na kuambiwa halipo, bila kosa lolote kuonekana. Baada ya kuijenga, endesha hii kwenye replika:

`SELECT datname, datcollversion, pg_database_collation_actual_version(oid) FROM pg_database;`

Namba za matoleo hayo mawili zikitofautiana, usiruhusu mtu aisome.

Mtunza_Data
Mzee, umeniokoa mapema. Seva kuu ni Debian 11 yenye glibc 2.31, na mashine tuliyoletewa badala ya ile iliyoungua ina Debian 12, ambayo ni 2.36. Naiwekea 11 kwanza, ndipo niendeshe pg_basebackup na sloti mpya yenye kikomo. Suala la nodi ya tatu nalipeleka kwa bosi kama Binti_Seva alivyolieleza.